Manesi na mnaolea wazee hapa Mombasa, naiti mnakula nini? Yunifomu imekataa kufunga

naiti_ya_tano
Jumanne, saa 4:12 asubuhi

Salamu kwenu nyote. Mie ni nesi, wodi ya wazazi, hospitali moja hapa kisiwani jina tuliache, na huu ni mwaka wa tatu nazungushwa kwa naiti. Nimetoka kazini asubuhi hii, sijalala, naandika kwa sababu nimejaribu yunifomu yangu ya zamani kifungo cha tumboni kikakataa katakata, na si mimba, msinianze.

Siku yangu iko hivi. Nakaa Likoni, kwa hivyo saa kumi na nusu jioni nshatoka nyumbani maana feri haina mwenyewe, chakula cha jioni nakiruka nasema ntakula nikifika. Nikifika ni ripoti, afu dawa, afu kuna mama ametoka thieta apimwe presha kila baada ya dakika kumi na tano, ukija kushtuka ni saa tano na tangu mchana hujatia kitu mdomoni. Hapo ndo napiga chai ya maziwa sukari ya nguvu na mahamri mawili matatu ya jamaa za wagonjwa, na wodi yetu vitu hivyo havikosi, mtoto akizaliwa tu huja mkate wa kumimina, huja soda, huja biskuti, na ukikataa yasemwa sista ana madharau.

Saa tisa usiku sasa ndo balaa lenyewe. Pale tunapoandikia mafaili kuna droo, ya pili kutoka juu, imeandikwa FOMU, na fomu hazimo. Mna biskuti, kachri za muhogo, peremende, ubuyu. Ikifika saa tisa mkono waenda wenyewe. Saa kumi na moja nina kiungulia na usingizi wa kuangusha ng'ombe. Asubuhi nikivuka, pale juu kuna kijana wa viazi karai, ananijua, akiniona tu ashachovya kijiko kwa ukwaju, nala nikitembea, nafika nalala tumbo limejaa kama ngoma.

Juzi siku ya ofu nimejipima sukari kabla ya kula chochote, mashine ikasoma 6.4. Mamangu ana sukari, bibi yangu alikatwa mguu kwa sukari. Mgonjwa angenijia na namba hiyo na historia hiyo ningempa mawaidha robo saa nzima, na mie mwenyewe ubuyu wanipaka rangi mdomo saa tisa usiku.

Nataka watu wanaofanya hizi kazi waniambie wabeba nini hasa. Hizo saladi za kwenye simu za parachichi na mbegu sijui za nini siziwezi, sina blenda, sina muda, na mshahara mwaujua.

---

kijana_wa_thieta

Hahaha ya pili kutoka juu! Hata kwetu ni ya pili kutoka juu, nafikiri ni sheria. Dada mie nlitoka kilo 71 nikaenda 84 kwa mwaka na nusu tu wa kusimama thieta, kesi inaisha saa nane usiku mnakunywa soda kama maji. Siku hizi nabeba mayai mawili ya kuchemsha na machungwa na soda nimeacha, hiyo peke yake imenisaidia. Asubuhi nakunywa maji ya moto na ndimu yanakata mafuta. Jaribu.

---

bi_mkubwa_tudor

Mwanangu, nimekusoma nikacheka nikaona na huruma. Nimestaafu, nimefanya kazi ya unesi miaka 31, naiti nyingi zaidi ya nywele zilizobaki kichwani, kwa hivyo sikiza.

Kosa lako si saa tisa. Saa tisa ni malipo ya kosa ulilofanya saa kumi jioni. Umetoka nyumbani na njaa, umejibana mpaka saa tano, mwili hapo hautaki mazungumzo wataka sukari upesi, umeupa chai na mahamri, sukari imepanda ghafla na baada ya muda ikashuka, na ikishuka ndo hiyo saa tisa mkono waenda kwa droo. Droo haina makosa, maskini.

Kula kabla ya kutoka. Hicho ndicho chakula chako kikubwa. Nnaposema kula nasema ukae kitako, wali au ugali wa kiasi, samaki au maharagwe, na mchicha ujae nusu ya sahani, si ule mchicha wa kutia rangi pembeni. Sisi watu wa pwani wali tunaupakua kama twajenga nyumba, mboga ni kijiko kimoja. Geuza. Basi hapo umetoka na shibe ya saa tano sita. Afu saa tano au saa sita usiku ule kidogo, bakuli moja dogo. Kutoka hapo mpaka kuche usile kitu kizito, kwa sababu usiku mwili haushughulikii sukari kama mchana, sahani ile ile ya wali uliyokula saa saba mchana ukiila saa nane usiku yaacha sukari juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ni saa ya mwili hiyo, haijui kwamba we uko kazini.

Mie nlikuwa nabeba pojo. Sikuwa na akili ya lishe wakati huo, nlikuwa nabeba kwa sababu ni rahisi na mume wangu hapendi pojo zikibaki. Lakini wenzangu wakisinzia saa kumi mie niko macho nikajua kuna kitu. Pojo, mbaazi, kunde, maharagwe, zote zashuka polepole tumboni, hazikupandishi na kukuangusha. Mbaazi zitie tui jepesi, si lile zito la kwanza, hilo la Ijumaa nyumbani.

Na chai. Chai siwezi kukwambia uache, mie mwenyewe sikuacha. Ila ya mwisho iwe saa nane usiku. Ile kafeini baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini, ukinywa kikombe saa kumi na moja ili uwe macho kwa ripoti ya asubuhi, saa nne umelala kitandani macho makavu wahesabu mabati. Na usiinywe pamoja na chakula, chai yazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharagwe yasiingie, acha ipite saa moja. Sisi wanawake tumepungukiwa damu tayari, tusaidiwe na chungwa au ndimu juu ya mboga, hiyo yasaidia chuma kuingia.

La mwisho nikuache. Mie nlipata vidonda vya tumbo nikiwa na miaka 40, watu wote wakasema ni kwa sababu nakaa na njaa. Uongo. Njaa yaviuma vidonda lakini haivileti. Nlikuwa nameza brufen kila naiti, mgongo, miguu, kichwa, nameza tumbo tupu na chai, miaka. Dawa hizo na yule bakteria wa tumbo ndio huleta vidonda kwa wengi. Manesi tuko na dawa mkononi twazila kama njugu. Ukiwa mmoja wao, acha.

---

naiti_ya_tano

Shikamoo bi mkubwa. Brufen... tusiongee. Jana mbili.

---

bi_mkubwa_tudor

Marahaba. Nlijua.

---

mlezi_nyali

Hamjambo. Mie si nesi, ni keagiva, namlea mzee aliyepigwa na stroki, upande wa Nyali, nalala huko huko siku sita narudi kwangu Kisauni siku moja. Naomba na sisi mtuhesabu maana sisi hata ripoti hatuna, zamu yetu haiishi, mzee akikohoa saa nane usiku we ndo daktari we ndo mtoto wake.

Nataka nieleze kitu kinanichekesha mpaka leo. Mzee ameandikiwa chumvi kidogo sana, mafuta kidogo, samaki, mboga, matunda. Nikawa nampikia vizuri mashallah, samaki wa kuchoma na ndimu, mchicha, muhogo wa kuchemsha, papai nimelikata vipande vidogo vidogo asije akapaliwa. Namlisha kijiko kwa kijiko, dakika arubaini. Nikimaliza mie nimechoka nimekufa, nasimama jikoni hapo hapo kwenye sinki, nakula chipsi mwitu alizoniletea askari wa geti na soda baridi. Kila siku. Siku moja daktari alikuja kumpima mzee presha akanambia na wewe leta mkono. Ya mzee 128 juu ya 78. Yangu 152 juu ya 96. Mzee hawezi kuongea vizuri tangu augue lakini siku hiyo alicheka mpaka machozi.

Tangu hapo sipiki sufuria mbili. Napika moja, tunakula pamoja, nimevuta kiti, kijiko chake kijiko changu. Mara ya kwanza niliona chakula hakina ladha kabisa, kama nakula pamba, wiki mbili tatu hivi ulimi ukazoea. Siri ni ndimu, kitunguu thomu kingi, tangawizi, bizari, ukwaju, pilipili mbichi ile ya kupasua tu na kuiacha ielee kwenye mchuzi. Na vile vidude vya mchuzi vya kupondaponda nimevitupa, watu hawajui ile ni chumvi iliyovaa nguo, we wapunguza kijiko cha chumvi huku watia vidude viwili. Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake imo ya mkate, ya achari, ya kachri, ya vyote.

Presha yangu imeshuka, bado nakunywa dawa lakini. Na mzee anakula zaidi akiniona nakula. Hiyo sikuitegemea.

---

mkwezi_wa_shanzu

Yote mazuri lakini semeni ukweli, kula vizuri ni kwa wenye nafasi. Mke wangu ni nesi, mshahara ukichelewa tunakula ugali na sukuma mpaka mtoto anauliza kama ni adhabu. Mwanzo wa mwezi samaki, mwisho wa mwezi mchuzi wa nyanya. Haya mambo ya papai sijui vipande ni ya Nyali huko.

---

mlezi_nyali

Kaka papai nalinunua Kongowea na matatu napanda kama wewe. Ugali na sukuma si adhabu, hicho ni chakula kizuri kabisa, kitie kunde au dagaa kimetimia. Adhabu ni chipsi za kila siku, na hizo ndo ghali. Hesabu wiki moja hela za soda na viazi za mkeo akiwa kazini afu njoo hapa tuongee.

---

mkwezi_wa_shanzu

Nimemuuliza. Amenuna. Tuendelee na mengine.

---

lishe_kwa_utaratibu

Mimi ni afisa lishe, nimekuwa nasoma tu lakini hapa lazima niingie kidogo.

Kwanza dada wa swali, hiyo 6.4. Mashine ya kidole ni ya kumfuatilia mgonjwa, haitoi hukumu. Ila kuanzia 6.1 mpaka 6.9 ukiwa hujala ni ile hali ya katikati, si kisukari bado na si salama, kwa hivyo nenda maabara upimwe damu ya mshipa ukiwa na njaa, au ile HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Usipange kwenda "wiki ijayo nikiwa ofu". Unajua unavyowaambia wagonjwa. Hatua hii hurudishika nyuma watu wakipunguza uzito na kutembea, lakini si kwa kila mtu, na wewe una mama na bibi.

Pili, kijana wa thieta, ndimu haikati mafuta. Kilichokukatia mafuta ni kule kuacha soda. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya sukari, na ushauri wa shirika la afya duniani ni sukari ya kuongezwa isizidi karibu gramu 50 kwa siku na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani vijiko 6 hivi. Chupa moja imeshapita. Maji na ndimu endelea, ni maji.

Tatu ndilo lililonileta, joto la Mombasa. Bi mkubwa amesema ubebe pojo na mbaazi, sawa kabisa, lakini msafiri wa Likoni anayetoka saa kumi na nusu na mbaazi za tui kwenye mkebe, amekaa feri, amekaa matatu, akaweka begi chini ya meza, akafungua saa sita usiku, hizo ni saa saba na nusu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu, na Februari hapa twafika huko. Tui ndio la kwanza kuharibika, na wali nao una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, ukiuacha sufuriani usiku kucha zinaamka, na kuupasha moto baadaye hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Hotipoti haibaki moto wa kutosha muda wote huo, msijidanganye, saa sita unakuta vuguvugu na vuguvugu ndio mbaya kuliko zote.

Fanya hivi. Pika jana, kipoe, kiingie frijini usiku ule ule. Chukua chupa ya maji ya nusu lita igandishe. Ukitoka, mkebe wa chakula na chupa ya barafu vikae pamoja, uvifunge kwa taulo au leso nzito, begi moja. Ukifika weka friji ya wafanyakazi, kama hamna, barafu itakushikilia kiasi, kula mapema saa tatu usingoje saa sita. Maji yakiyeyuka ndo maji yako ya kunywa usiku. Na nawajua manesi, naomba sana usinifanyie ule mchezo wa kuficha mkebe kwenye friji ya chanjo. Ile ni nyuzi 2 mpaka 8 na kila ukifungua kutafuta kijiko unaipandisha.

Siku huna friji wala barafu beba vitu visivyoogopa joto: ndizi, chungwa lisilomenywa, njugu za kuchoma, korosho ukipata za Kilifi, mkate wa ngano nzima. Njugu kiganja kimoja, si pakiti.

Maji pia. Najua hamnywi kwa sababu hakuna muda wa kwenda msalani, ndo mnapata maambukizi ya mkojo mpaka mnajitibu wenyewe. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

---

sista_ramadhani

Na kwenye mwezi wa Ramadhani jamani? Adhana ya magharibi yanikuta katikati ya ripoti, nafungua kwa tende mfukoni na maji nikisikiza habari za kitanda namba saba. Afu futari yenyewe naipata saa tatu, viazi, kaimati, sambusa, vyote kwa pamoja nakula kama nakimbizwa.

---

bi_mkubwa_tudor

Tende tatu na maji zimetosha, mwanangu, umefungua vizuri tu. Taabu ni hiyo ya saa tatu. Anza na uji au supu, ngoja kidogo, afu ndio chakula. Kaimati mbili, si sinia. Na uzuri wa naiti ni kwamba daku hulali ukaikosa, uko macho, basi daku ndio uifanye chakula cha maana, mayai, maharagwe, matunda, maji ya kutosha kwa nafasi nafasi si lita moja kwa mkupuo karibu na adhana.

---

mama_langoni

Mimi nawasoma tu nacheka peke yangu. Mie ni yule mnayemsema. Nauza vyakula nje ya lango la hospitali, si hiyo ya dada wa swali labda, labda ndiyo. Viazi karai, bhajia, mahamri, mbaazi, chai.

Manesi mwanilaumu bure. Mwaka jana sista mmoja alinambia mama leta vitu vya afya tutanunua. Nikaleta mayai ya kuchemsha, pojo, matunda nimekata nimefunika vizuri. Siku ya kwanza wamenunua wote na kunisifu. Siku ya tatu pojo nimerudi nazo nyumbani watoto wamekula siku mbili mpaka wakaomba msamaha. Viazi vimeisha saa mbili. Nauza kinachonunuliwa, mie pia nina karo.

Mayai nimeendelea nayo, hayo yanakwenda, na machungwa. Pojo napika ukiniagiza. Mtu akija na mkebe wake akanambia leo nitilie pojo na mchicha na chapati moja, bila mafuta mengi, nampa na bei haifiki ya sahani ya viazi na soda. Lakini aniambie kabla ya saa kumi alasiri, siwezi kuota.

---

naiti_ya_tano

Nimeamka sasa hivi, saa tisa mchana, nimesoma yote mara mbili. Ahsanteni sana, bi mkubwa Mungu akuweke.

Maabara nimemwandikia mwenzangu, Alhamisi saa moja na nusu nikitoka naiti napitia hapo hapo kabla ya chai, na usiku huo sitii kitu mdomoni isipokuwa maji kuanzia saa tano. Nimeiandika kwenye mkono kwa kalamu. Leo nimekula kabla ya kutoka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, ugali na changu wa jana na mchicha nusu sahani, dada yangu ameniuliza kama nimeachwa.

Chupa iko kwenye friji inaganda. Ya droo tumekubaliana na mwenzangu wa zamu, vitu vya jamaa za wagonjwa tunapokea tunashukuru, afu vinashuka chini kwa askari na wale wa usafi kabla ya saa nne, wao wanafurahi na sisi hatuonekani wabaya. Ubuyu amekataa kuutoa. Nimemwachia, kila mtu na mahali pake.

Mama langoni, kama we ni yule mwenye mwavuli wa kijani, kesho naja na mkebe. Pojo, mchicha, chapati moja.

---

mama_langoni

Mwavuli wa kijani ni mie. Njoo kabla ya saa kumi. Na ile hamsini ya viazi vya Ijumaa pia uje nayo, sista.